Wino wa sublimesheni kwenye fulana za pamba kwa filamu: unachuja, nisaidieni

mamafulana

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, maana nina oda mkononi na siku zinakimbia.

Nachapa vikombe na jezi hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa tatu. Nina Epson L3250 niliyoijaza wino wa sublimesheni (ule unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye poliesta) tangu ikiwa mpya, haijawahi kuonja wino wa kawaida, na mashine ya joto ya sentimita 38 kwa 38. Kwenye kikombe na kwenye poliesta sina tatizo kabisa.

Sasa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa kimeniletea oda ya fulana 40 za Siku ya Wanawake, Machi 8. Wanataka nyeupe, pamba tupu. Niliwaonyesha kitambaa cha jezi, mwenyekiti wao akakishika akakirudisha mezani, akaniambia, "Mwanangu, tutakuwa juani toka asubuhi, hiki kitatuchoma." Ana haki. Nikapokea advansi, nikanunua fulana.

Nilianza kwa kujaribu moja kwa moja kama ninavyofanya jezi, nyuzi joto 200, sekunde 60. Ilitoka imefifia lakini inasomeka. Nikaifua na sabuni ya unga mara moja tu. Maji yakawa ya waridi, na fulana ikabaki na kivuli cha maua utadhani imemwagikiwa juisi.

Nikaambiwa kuna njia ya filamu ya DTF, yaani unachapa picha kwenye filamu ya plastiki kisha unaihamishia kwenye fulana kwa joto, na ule unga wa gundi. Nimeagiza filamu za A4 pakiti moja na kilo moja ya unga. Nimejaribu mara tatu na kila mara limetokea jingine. Mara ya kwanza unga uliganda filamu nzima, hata pasipo na wino. Mara ya pili unga ulikaa vizuri kwenye maandishi ya zambarau, lakini maua ya waridi mepesi yakatoka na matundu. Mara ya tatu nilipiga nyuzi 200 kama nilivyozoea: kingo za herufi zikavujiana, na nilipobandua filamu ikiwa bado moto, nusu ya jina la kikundi ikabaki kwenye filamu. Halafu kuna vidoti vidogo vimepanga mstari katikati ya picha kama nyayo za kuku, sijui vinatoka wapi.

Naomba mnieleze joto gani, muda gani, nibandue ya moto au ya baridi. Na kubwa kuliko yote: je, itadumu? Sitaki kuwauzia kina mama kitu cha wiki moja.

---

fundi_mbagala

Dada, pole na hongera kwa kujaribu kwanza kabla ya kugusa fulana za watu. Mimi sikufanya hivyo. Oda yangu ya kwanza ya filamu ilikuwa fulana 25 za shule moja huku kwetu, nikazipiga zote usiku mmoja, nikazikabidhi asubuhi bila kufua hata moja. Wiki ya pili zilirudi 19 zimebanduka. Nilizirudishia fedha zote na tangu hapo hakuna fulana inayotoka kwangu bila ndugu yake mmoja kufuliwa.

Nianze na unga kuganda kila mahali. Uko Tanga, hewa ya bahari. Ile filamu ina tabaka linalonyonya unyevu. Ukiiacha wazi mezani usiku mmoja inanata, na unga haujui tena wapi pana wino na wapi hapana. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Toa filamu moja moja. Unga nao usiuache kwenye kile kifuko chake, weka kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Siku ya mvua mimi naipasha filamu sekunde chache chini ya mashine iliyo wazi, bila kuigusisha, inapoa, ndipo naichapa.

Angalia pia unachapa upande gani. Lowesha kidole kidogo, gusa kona. Upande unaonata ndio wa wino.

Zile nyayo za kuku ni magurudumu madogo ya printa yenye meno. Kwenye karatasi wino unakauka upesi huoni kitu, kwenye filamu wino unabaki mbichi na gurudumu linaukanyaga. Gurudumu halihami, kwa hiyo hamisha picha. Chapa filamu moja ya majaribio, weka alama za kalamu pale vidoti vinapopita, kisha panga mchoro wako ili mstari huo uangukie kwenye nafasi kati ya maneno. Na kama printa inakataa kuiona filamu kwa sababu inapitisha mwanga, ibandike kwa selotepu juu ya karatasi ya kawaida ya A4, ukingo wa mbele tu. Kitambuzi kinaona karatasi, filamu inaingia nayo.

Kwenye mpangilio chagua karatasi isiyong'aa, ubora wa juu, na picha igeuzwe kushoto kulia kama ya kioo. Jina la kikundi likitoka kinyume kwenye fulana 40 utalia.

Matundu kwenye waridi jepesi ndiyo sehemu ngumu, na hapa nakuambia ukweli. Unga unashikwa na umajimaji wa wino. Rangi nzito ina wino mwingi, unga unakaa. Rangi nyepesi printa inaipata kwa kudondosha vitone vichache vilivyoachana, kwa hiyo unga nao unakaa vitone vitone. Wenye mashine halisi ya DTF wanamwaga wino mweupe nyuma ya picha nzima, na huo mweupe ndio unaokamata unga. Sisi hatuna mweupe. Badilisha mchoro, dada. Maua yafanye waridi iliyokolea, ondoa vivuli vinavyofifia taratibu, na mstari wowote mwembamba kuliko milimita moja unenepeshe.

Ukishachapa usiende kujibu simu. Mimina unga hapo hapo, tingisha filamu kwenye sinia mpaka kila penye wino pawe peupe, kisha ishike wima uipige nyuma kwa kidole, tak tak tak, unga wa ziada udondoke. Angalia dhidi ya taa. Punje moja iliyobaki pasipohusika utaiona kwenye fulana kama kovu linalong'aa. Vaa barakoa na fungua dirisha. Unga ule ni mwepesi, unaingia kifuani, na moshi wa wino ukipata moto si wa kuvuta.

Kuyeyusha unga: mashine nyuzi 150, filamu iwe juu ya bamba la chini, unga ukitazama juu, na bamba la moto ulishushe mpaka libaki sentimita mbili au tatu, lisiguse. Dakika mbili hadi tatu. Unataka uone unga umeacha kuwa unga, umekuwa kama ganda la chungwa, unang'aa kidogo. Ukiwa bado na punje kavu, haujaiva. Ukianza kuona moshi na rangi inapauka, umepitiliza.

Fulana ipige pasi tupu sekunde tano kwanza ili unyevu utoke. Weka filamu, nyuzi 155, sekunde 15, mkandamizo wa wastani. Halafu subiri. Acha ipoe kabisa kabisa, uweze kuweka shavu juu yake. Ndipo ubandue taratibu kutoka kona, chini chini, usiivute kwenda juu. Kisha funika na karatasi ya kuokea keki, nyuzi 165, sekunde 20, ndiyo ya kumalizia. Ile karatasi itachukua rangi kidogo. Hiyo ni kawaida, lakini itupe, usiitumie kwa fulana ya pili, itakuachia mzimu wa picha ya kwanza.

Mashine hizi zinadanganya joto. Yangu ikisema 160 pembeni ni 148. Kama kuna fundi friji au fundi wa mafriza jirani mwenye kile kipima joto cha bastola, mwazime upime pembe nne na katikati.

---

pwani_chapa

Dada, salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu wa Mbagala kaeleza vizuri na mimi simpingi kwa hatua hata moja, ila naona hajasema jambo moja: kwa oda ya fulana 40 zenye mchoro ule ule, mimi ningetoka kabisa kwenye wino wa sublimesheni. Ningempelekea mwenye mashine ya DTF faili langu, anichapie filamu zikiwa na mweupe na unga umeshaiva, halafu kazi yangu ni kuzipiga joto tu. Au kama mchoro ni rangi mbili, skrini, ile ya kusukuma wino kupitia wavu. Skrini kwenye pamba fulana itachanika wino bado upo.

Njia ya filamu kwa wino wetu mimi naitumia kwa fulana moja moja: mtoto anatimiza mwaka, mtu anataka picha ya marehemu babake kwa haraka. Fulana nyeusi usijaribu hata kidogo, wino wetu unapitisha mwanga, ukiweka juu ya nyeusi utaona nyeusi.

Na kuna wanaobandika vinaili nyeupe ya kumeta kwenye pamba halafu wanapiga sublimesheni juu yake. Inashika vizuri mno kwa sababu ile vinaili ina poliesta juu. Lakini ni nzito kifuani, na kina mama hao wamekataa poliesta kwa sababu ya joto.

---

fundi_mbagala

Kaka wa Mombasa, nakubali. Kama Tanga kuna mwenye DTF karibu na siku zinatosha, aende. Mimi nimejibu swali alilouliza, na vifaa ameshavinunua.

---

mamafulana

Asanteni sana, wote wawili. Wa DTF nimempata mmoja ila foleni yake inafika baada ya Machi 8, shule nazo zimemjaza. Skrini sina, na mchoro una rangi tano na mwenyekiti anautaka kama ulivyo. Nitaenda na filamu.

Kaka fundi, sijaelewa hapo mwishoni. Kwa nini nirudie kupiga nyuzi 165 wakati picha imeshahamia kwenye fulana? Nilijaribu jana usiku kwa hatua zako, ikashika vizuri, hiyo ya mwisho nikairuka nikiogopa kuvujisha tena. Asubuhi nikaisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kitambaa kikatoka zambarau. Gundi haikubanduka hata kidogo, rangi ndiyo imetoka.

---

fundi_mbagala

Mimi niliona tu rangi inakolea na fulana inakuwa laini, nikaendelea hivyo. Sababu yake hasa mwenye elimu atusaidie.

---

nyuzi_na_rangi

Nimefanya kazi miaka sita kwenye chumba cha rangi cha kiwanda cha khanga, na kabla ya hapo nilisomea nguo. Dada, kitambaa chako cha zambarau kimejibu swali lenyewe, niruhusu nikisome.

Rangi iliyo ndani ya wino wa sublimesheni iliumbwa kwa ajili ya poliesta. Haipendi maji. Ukiipasha kufikia nyuzi 180 kwenda 210 inageuka mvuke, na poliesta kwa joto hilo inalegea, mvuke unapenya ndani ya uzi wenyewe. Ikipoa, uzi unabana na rangi imefungiwa ndani. Ndiyo maana jezi yako haichuji. Pamba ni kitu kingine. Pamba ni selulosi, inapenda maji, hailegei kwa joto, itaungua kabla haijalegea. Mvuke unakaa juu juu, sabuni inaufagia. Kiwandani pamba tulikuwa tunaipa rangi za aina tofauti kabisa, zinazoyeyuka kwenye maji na kufunga kwenye selulosi kwa msaada wa magadi. Rangi zako hazina mkono wa kuishika pamba, uzichape kwa filamu au bila filamu.

Kwa hiyo filamu haijaifanya pamba ikubali wino. Umebandika ngozi nyembamba ya gundi juu ya pamba, na rangi inapaka gundi. Ule unga ni plastiki laini ya jamii ya poliyurethani, na rangi hii inaingia kwenye plastiki.

Sasa fikiria mpangilio. Kwenye filamu ulianza na wino, unga ukaja juu yake. Ukigeuza na kupiga kwenye fulana, unga unakuwa chini, wino unabaki juu. Ukibandua filamu, rangi iko wazi juu ya gundi, imekaa tu. Joto la mwisho la nyuzi 165 ndilo linaloisukuma izame ndani ya gundi. Uliruka hatua hiyo, rangi ikabaki juu, kitambaa kikaichukua. Ukipiga 200, gundi inakuwa kama uji na rangi inageuka mvuke kwa wakati mmoja, ndipo herufi zinavujiana. Kazi yako yote iko katikati ya hayo mawili.

Ila nikuambie pia lisilopendeza. Gundi hii ni laini hata ikiwa baridi, haiwezi kuifungia rangi kama poliesta. Rangi itaendelea kutembea polepole. Ukizikunja fulana picha kwa picha na kuzipanga moja juu ya nyingine kwenye boksi la joto, baada ya wiki kadhaa unaweza kukuta waridi imehamia kwenye mgongo wa jirani yake. Weka karatasi katikati.

Na pasi. Pasi ya umeme ukiiweka kwenye alama ya pamba inafika kwenye nyuzi 200 hivi, joto lile lile lililokuharibia jaribio la tatu. Ya mkaa ndiyo haina kipimo kabisa. Fulana ni ya pamba, mama ataipiga pasi ya pamba, kwa nini asifanye hivyo? Lazima waambiwe: geuza ndani nje, picha isiguswe na chuma.

---

pwani_chapa

Hili la pasi sikulijua na limenifungua macho. Kuna mteja alinirudishia fulana ya bintiye nikadhani kaichovya kwenye jiki.

---

mamafulana

Ndugu zangu, narudi na matokeo kama nilivyoahidi nafsi yangu.

Nimebadilisha mchoro. Maua sasa ni waridi iliyokolea, majani kijani kibichi, vivuli nimeviondoa vyote. Mwenyekiti mwanzoni alinuna, nikamwekea ya zamani yenye matundu na mpya ubavuni, akachagua mpya mwenyewe. Jina la kikundi nimelihamisha juu sentimita mbili, mstari wa nyayo za kuku unapita chini yake pasipo na kitu.

Kipima joto niliazima kwa kijana anayetengeneza friji barabara ya kumi na mbili. Yangu kona ya nyuma kushoto ni nyuzi 141 wakati inaandika 155. Kumbe ndipo jina lilipokuwa linabanduka siku zote! Sasa naweka mchoro katikati na mbele, kona ile siitumii.

Nilipiga fulana moja tarehe 20, nikaiacha siku nzima, kisha nikaifua mara sita kwa mkono kwa sabuni ya unga, maji ya baridi, kila mara naianika kivulini. Maji ya kwanza yalikuwa na dalili ya zambarau, ya pili kidogo sana, ya tatu mpaka ya sita meupe. Rangi imeshuka kidogo ukilinganisha na ambayo haijafuliwa, lakini ukiiona peke yake huwezi kusema. Hakuna iliyobanduka. Ukiivuta sana kuna mipasuko midogo kwenye petali kubwa, inarudi ukiachia. Hiyo fulana nimempelekea mwenyekiti pamoja na mpya, nikamwambia: mama, hii ndiyo itakavyokuwa baada ya kufua mara sita, na sijui itakuwaje baada ya mara arobaini. Akakaa nazo zote mbili mapajani muda mrefu. Akasema nichape.

Nimemaliza 40, zilizoharibika tatu. Mbili mtoto alifungua mlango na upepo ukapeperusha unga, moja nilibandua nikiwa na haraka. Nimezikunja kila moja na karatasi nyeupe katikati.

Kuhusu pasi, niliwaambia kwa mdomo, lakini nilipofika kukabidhi nikamkuta mama mmoja ameshaichukua yake mapema kutoka kwa katibu na kuipiga pasi ya mkaa usoni kabisa. Ua kubwa limekuwa doa. Alikuwa ananificha, anaona aibu, wakati kosa ni langu, sikuandika popote. Nimemrudishia nyingine kati ya zile nilizonunua za akiba. Je, ile iliyoharibika kuna namna ya kuitoa gundi?

---

fundi_mbagala

Hapana dada. Gundi ikishaingia kwenye pamba na kupigwa moto mara ya tatu, kuitoa ni kutoa na kitambaa. Ukiweza, chapa mchoro mkubwa zaidi wa rangi nzito ufunike doa lote, ila patakuwa pagumu kifuani.

Na hiyo "sijui itakuwaje baada ya mara arobaini", naomba niichukue nianze kuwaambia wateja wangu.

---

mamafulana

Sawa kaka. Sitaifunika, naibakiza dukani. Jana nimeitundika karibu na mashine, doa likiangalia mlangoni, na anayekuja kuagiza fulana ya pamba naanza kumwonyesha hiyo ndipo nimwonyeshe nzuri. Zile 40 nilirudi nazo, nimezifungua upya zote, nimegonga muhuri ndani ya shingo kwa wino wa kitambaa: PASI NDANI TU. Imenichukua mpaka saa saba za usiku. Kesho saa mbili asubuhi wanakuja kuzichukua.